Uzi: Maji yakichemka, ni nini kinachoachana? Ninavyofundisha kani baina ya molekuli hapa Mtwara

Mwalimu_Kusini:

Wakuu, salaam. Nafundisha kemia kidato cha tano na sita hapa Mtwara mjini. Uzi huu ni kwa walimu wenzangu, kwa vijana wa michepuo yenye kemia (PCB, PCM na CBG), na kwa yeyote anayetaka kujua kwa nini vitu viko hivi vilivyo. Ni mrefu, nitaushusha kipande kwa kipande.

Kila mwaka, kabla sijafundisha chochote kwenye mada hii, nawapa wanafunzi karatasi tupu na swali moja: chora molekuli tano za maji zikiwa kwenye sufuria, halafu zichore hizo hizo tano zikiwa mvuke. Hakuna kusaidiana. Na kila mwaka wengi wananichorea haidrojeni zikiruka upande huu na oksijeni upande ule. Wamezipasua molekuli.

Hawa ni watoto waliofaulu. Wanaijua H2O, wanajua kupanga elektroni, wanasawazisha milinganyo bila kukosea. Lakini ndani kabisa wanaamini kuwa chai ikichemka inatoa haidrojeni. Nikiwauliza basi mbona haidrojeni na oksijeni hazilipuki pale juu ya jiko la mkaa, darasa linakuwa kimya. Ukimya ule ndio ninaoutafuta, maana hapo ndipo somo linapoanza.

Molekuli ina mishiko ya namna mbili. Kuna unaozishika atomu zake zenyewe kwa zenyewe, na kuna unaoishika molekuli na jirani yake. Wa kwanza ni mkali mno: bondi ya oksijeni na haidrojeni kwenye maji inahitaji kama kilojuli 463 kwa moli kuivunja. Wa pili, ule wa maji na maji jirani, ni kama kilojuli 20 tu. Jiko linamaliza kazi kwenye huo wa pili, wa kwanza haligusi. Kivuko cha Msanga Mkuu kikifunga gati, abiria waliokuwa wamebanana bega kwa bega wanatawanyika, kila mtu na njia yake, lakini hakuna anayeuacha mkono wake kivukoni.

Kwa maoni yangu tunakosea tunapoanza na jedwali la nguvu za kuvuta elektroni, kisha mishale ya kuonyesha elektroni zinavutwa wapi, kisha alama za chanya na hasi. Mtoto anakariri mishale na anaifaulu mitihani, ila hajui mishale ile inaeleza nini. Mimi naanza na hii "baina", mshiko wa molekuli na jirani yake. Nikishaona wameishika, ndipo naingia kwenye ncha, yaani upande mmoja wa molekuli kuwa hasi kidogo na mwingine chanya kidogo.

Naendelea.

---

Mwalimu_Kusini:

Kipande cha pili. Hapa kwetu kusini tuna bahati ambayo walimu wa mikoa mingine hawana: gesi iko miguuni mwetu. Songo Songo kule Kilwa iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, na tangu 2015 bomba la kutoka Mtwara linaipeleka Dar es Salaam. Watoto wameisikia gesi tangu wakiwa wadogo, redioni, mikutanoni na sebuleni. Karibu yote ni methani.

Sasa naandika ubaoni mambo mawili tu. Methani, uzito wa molekuli 16. Maji, uzito 18. Karibu sawa. Nawauliza: kipi kinachemka kwenye joto gani? Maji wote wanajua, nyuzi 100. Methani wanakisia 80, wengine 60, mmoja jasiri akasema sifuri. Naandika jibu: nyuzi 162 chini ya sifuri.

Tofauti ya nyuzi 262 kati ya vitu vyenye uzito unaokaribiana! Naiacha namba ile ubaoni kipindi kizima. Uzito hauwezi kuieleza. Bondi za ndani nazo haziwezi, maana ya kaboni na haidrojeni nayo ni kali. Kinachobaki ni namna molekuli zinavyoshikana na majirani. Maji yanashikana sana, methani zinapitana kama hazijuani.

Na hapo ndipo mtoto anaelewa kwa nini mradi wa gesi kimiminika unaopangwa Likong'o, Lindi, ni jambo zito kiasi kile. Ili methani zilale pamoja ziwe kimiminika inabidi uzipooze mpaka huko chini ya 160. Ukifaulu, ujazo unapungua karibu mara 600, na ndiyo maana meli inaweza kuibeba. Mashine zote zile zinafanya kazi moja: kuzilazimisha molekuli zisizopenda kushikana zishikane.

---

Fundi wa Majokofu:

Mwalimu, somo zuri. Ila mimi nauza na gesi ya mitungi. Ukiutikisa mtungi unasikia maji maji ndani, na joto la Mtwara unalijua. Hiyo nayo si gesi isiyo na ncha? Mbona yenyewe inakubali kuwa kimiminika bila kupoozwa?

---

Mwalimu_Kusini:

Mkuu, umeuliza swali ambalo nililipangia kipindi kizima. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Haina ncha, umesema kweli. Methani inachemka kwenye 162 chini ya sifuri, ethani 89 chini, propani 42 chini, butani nusu nyuzi tu chini ya sifuri. Ongeza kaboni: pentani inachemka nyuzi 36 juu ya sifuri, heksani 69. Endelea tena unafika mafuta ya taa, kisha nta ya mshumaa ambayo ni yabisi kabisa. Ukoo ni ule ule, hauna ncha kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kinachoshika pale ni kani za London, zimepewa jina la Fritz London aliyezieleza 1930. Elektroni hazikai mahali pamoja. Kwa kitambo kidogo sana zinalemea upande mmoja wa molekuli, upande huo unakuwa hasi kidogo, na jirani naye anasukumwa kulemea. Wanavutana, wanaachana, wanavutana tena. Mvuto mmoja ni mdogo mno. Lakini molekuli ikiwa ndefu, yenye elektroni nyingi, migusano inakuwa mingi, na jumla yake ndiyo inayofanya mshumaa usimame mezani.

Ndiyo maana propani na butani, kwa joto letu, zinahitaji shinikizo la mtungi tu ili zitulie. Methani ukiishindilia namna hiyo kwa joto hili haiwi kimiminika hata kidogo.

Walimu wenzangu, naomba tuache kuandika "kani za London ni dhaifu" halafu tupigie mstari. Mtoto akishameza sentensi hiyo, mshumaa atashindwa kuueleza. Tuandike kuwa kila mgusano ni dhaifu, na migusano hujumlishwa.

---

Chipukizi PCB:

Mwalimu shikamoo. Mimi niko kidato cha tano. Kwenye kaboni dayoksaidi, oksijeni inavuta elektroni kuliko kaboni. Kwa hiyo bondi zina ncha. Kwa nini wanasema molekuli haina ncha?

---

Mwalimu_Kusini:

Marahaba mwanangu. Umeshawahi kuvuta kamba siku ya michezo? Timu mbili zenye nguvu sawa zikivuta kuelekea pande mbili zinazotazamana, kitambaa cha katikati hakisogei, ingawa kamba imekaza. Kaboni dayoksaidi imenyooka: oksijeni, kaboni, oksijeni. Mvuto upo, ila unafutana.

Maji hayajanyooka. Yamepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5, kwa sababu oksijeni ina jozi mbili za elektroni zisizoshiriki bondi, nazo zinadai nafasi. Timu mbili zinavuta kwa mshazari kuelekea upande mmoja, na kitambaa kinasogea. Kwa hiyo upande wa oksijeni unabaki hasi kidogo na upande wa haidrojeni chanya kidogo. Chora umbo kwanza, mishale baadaye. Ukianza na mishale kabla ya umbo utakosa kila mara.

---

Mwalimu_Kusini:

Naomba nieleze na hili, maana lilinifundisha.

Miaka ya mwanzo nilifuata onyesho linalojulikana la kuthibitisha kuwa maji yana ncha: unasugua kitana cha plastiki kwenye nywele, unakisogeza karibu na mkondo mwembamba wa maji ya bomba, mkondo unapinda. Nilikuwa nimelifanya chuoni, likafanya kazi vizuri. Nikalifanya Mtwara mwezi wa tatu, masika imekolea, upepo wa bahari unaingia dirishani. Nikasugua, nikasogeza, hakuna kitu. Nikasugua tena mpaka mwanafunzi mmoja akanionea huruma akaniletea rula yake. Maji yalishuka wima kama uzi wa fundi mwashi.

Pwani hewa ina unyevu mwingi, na unyevu unaiondoa chaji kwenye plastiki kabla hujafika bombani. Mwezi wa saba asubuhi, hewa ikiwa kavu kidogo, linaweza kukubali. Masika, usijaribu.

---

Mpwa wa Mikindani:

Mwalimu, samahani nikusahihishe kwa heshima. Onyesho lile hata likikubali halithibitishi ncha. Molekuli yenye ncha mbili ikiwa ndani ya uga wa umeme (eneo ambalo chaji inavuta) ulio sawasawa inageuka tu, haivutwi kwenda popote. Mkondo unapinda hasa kwa sababu maji ya bomba yanaweza kukusanya chaji kinyume na ile ya kitana. Na hata vimiminika visivyo na ncha vimeonekana kupinda.

---

Mwalimu_Kusini:

Asante sana ndugu yangu, na uko sahihi. Vitabu vingi bado vinalieleza kana kwamba kila molekuli inavutwa kama sindano kwenda kwenye sumaku. Nimeliacha kabisa.

Badala yake natumia sarafu na matone. Kila kundi linapewa sarafu ya shilingi 200, bomba la sindano lisilo na sindano, maji na spiriti. Dondosha tone moja moja juu ya sarafu, hesabu mpaka yamwagike. Maji yanapanda juu kama kichuguu kidogo, yanavimba kupita ukingo wa sarafu na bado hayamwagiki. Ukiinama usawa wa meza unaona mgongo wake unang'aa. Spiriti inasambaa mapema na kumwagika. Kisha tone moja la kila kimoja nyuma ya mkono: spiriti inakauka upesi na kuacha ubaridi, maji yanachelewa, mafuta ya kula yanabaki hapo hapo mpaka uyafute. Kutoka hapo wanapanga wenyewe nani ameshikana na mwenzake zaidi. Spiriti inachemka nyuzi 78. Kuna kitu chenye atomu zile zile kabisa, kaboni mbili, haidrojeni sita na oksijeni moja, kinaitwa dimethili etha, nacho kinachemka nyuzi 24 chini ya sifuri. Kwenye spiriti haidrojeni moja imekaa juu ya oksijeni, hivyo inaweza kushikana na oksijeni ya jirani kwa kinachoitwa bondi ya haidrojeni, ambayo ni mshiko wa jirani na jirani, si wa ndani ya molekuli. Kwenye etha haidrojeni zote zimekaa juu ya kaboni. Kuhama kwa atomu moja, tofauti zaidi ya nyuzi 100.

---

Binti Lindi:

Mwalimu, mimi si mtu wa sayansi, nauza mafuta ya nazi na ya ufuta sokoni. Mwezi wa saba na wa nane asubuhi nakuta ya nazi yamekuwa meupe, yameganda, wateja wanasema nimeyachanganya. Ya ufuta yako vile vile. Hiyo nayo imo kwenye somo lako?

---

Mwalimu_Kusini:

Dada yangu, hiyo ndiyo roho ya somo lenyewe. Na uwaambie wateja wako hujachanganya kitu: mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi kama 24, na asubuhi za kipupwe huku kwetu hushuka chini ya hapo.

Nina chupa mbili kabatini kwa ajili hiyo, moja ya nazi na moja ya ufuta. Siku ya somo mwanafunzi mmoja anakwenda soko la samaki kuomba barafu. Tunazitia chupa zote kwenye ndoo. (Kwanza tunaitazama barafu yenyewe inavyoelea. Kila molekuli ya maji kwenye barafu inashikana na nne kwa mpangilio ulio wazi wazi, wenye nafasi katikati, kwa hiyo barafu ni nyepesi kuliko maji yake. Vitu vingi vikiganda huzama.) Ya nazi yanaanza kuweka utando pembeni ya chupa, kisha wingu, kisha yote yanakuwa kama nta. Ya ufuta yanatiririka.

Mwaka juzi binti mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, umetuambia mnyororo mrefu unashika zaidi. Nazi ina asidi ya lauriki, kaboni 12. Ufuta una minyororo ya kaboni 18. Basi ufuta ndio ungetangulia kuganda." Nilifurahi mpaka nikaweka chaki chini. Alikuwa ameikamata kanuni na kuigeuza iniulize mimi.

Jibu liko kwenye umbo. Asidi ya steariki ina kaboni 18 zilizonyooka, inayeyuka nyuzi 69. Asidi ya oleiki ina kaboni 18 vile vile, lakini ina bondi maradufu moja inayoupinda mnyororo katikati. Inayeyuka nyuzi 13 tu. Asidi ya linoleiki, mipindo miwili, nyuzi 5 chini ya sifuri. Ufuta umejaa hizi mbili za mwisho. Nazi imejaa minyororo mifupi lakini iliyonyooka. Nikawapeleka nje kwenye kuni za jikoni: mzigo wa kuni zilizonyooka unalala vizuri na kamba moja inaukaza. Kuni za matawi yaliyopinda hata uzifunge vipi zinaacha mapengo, na mzigo unacheza. Kani za London zinataka kugusana. Pasipo mgusano hazina nguvu, hata mnyororo uwe mrefu vipi.

---

Mzee wa Newala:

Mwalimu, na korosho? Mama zetu wamebangua miaka mingi, mikono imeungua. Wanapaka mafuta na majivu kabla ya kazi. Nilikuwa nadhani ni imani tu. Na kwa nini ukinawa na maji matupu hayatoki?

---

Mwalimu_Kusini:

Shikamoo mzee wangu. Si imani tu, mama zetu waliijua kemia kwa mikono.

Mafuta ya ganda la korosho yana molekuli zenye sura mbili. Kichwa chake ni pete yenye oksijeni, kina ncha, na ndicho kikali. Mkia wake ni mnyororo wa kaboni 15 usio na ncha kabisa. Maji yanapofika, yanashikana yenyewe kwa yenyewe na hayana sababu ya kuachana ili yaukaribishe mkia ule. Kwa hiyo maji yanapita juu yake tu. Ngozi ya binadamu kwa upande wake ina mafuta, na mkia huo unakaribishwa humo, ukikivuta na kichwa kikali ndani. Ndipo malengelenge yanapotokea.

Ukitanguliza mafuta mkononi, yale ya ganda yanakutana na mafuta ya kupaka kabla ya ngozi, yanachanganyika humo na kupungua ukali. Kisha sabuni. Sabuni nayo ina sura mbili: mkia unaingia kwenye mafuta, kichwa kinabaki kwenye maji, na vyote vinaondoka pamoja.

Mama yangu alibangua. Viganja vyake vilikuwa na mabaka meusi msimu mzima, na jioni alikuwa hashiki mtoto mpaka anawe kwa sabuni mara mbili. Nilikuwa naliona hilo kila siku, nikaja kulielewa nikiwa na umri wa miaka 20, kwenye chumba cha mihadhara mbali na nyumbani. Nataka watoto wa hapa walielewe wakiwa hapa hapa.

Tahadhari kwa walimu: msilete maganda mabichi darasani. Mtoto mmoja akijipangusa jicho mmeharibu. Tumieni manjano. Weka manjano kidogo kwenye glasi ya maji na kidogo kwenye mafuta ya kula, koroga, acha vitulie. Kwenye mafuta rangi inaingia kabisa, kwenye maji unga mwingi unakaa chini. Funzo ni lile lile, na hakuna anayeungua.

---

Mpwa wa Mikindani:

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtihani ni kwa Kiingereza. Wewe unaeleza yote haya kwa Kiswahili?

---

Mwalimu_Kusini:

Naeleza kwa Kiswahili, kisha tunayaandika kwa Kiingereza siku hiyo hiyo, sentensi kwa sentensi. Nikianza na Kiingereza wananipa sentensi za kitabu, na sijui kama wameelewa. Nikianza na Kiswahili wananibishia, na ubishi unanionyesha walipo. Yule binti wa ufuta asingesimama kwa Kiingereza, nina hakika. Alibisha kwa lugha aliyokuwa nayo, halafu akaja kuandika jibu kwa lugha ya mtihani na akapata alama zote.

Mwishoni mwa mada narudisha zile karatasi za mwanzo, za molekuli tano. Kila mtu anarekebisha mchoro wake kwa kalamu ya rangi nyingine na anaongeza kitu kimoja cha nyumbani ambacho sikukifundisha. Mwaka huu kijana mmoja aliyekaa nyuma, asiyesema sana, aliandika kuhusu pasi ya mkaa. Kwamba dada yake akipiga pasi kanga ya pamba anainyunyizia maji kwanza. Kwamba nyuzi za pamba zinashikana kwa bondi za haidrojeni, na mkunjo ni nyuzi zilizoshikana zikiwa zimekaa vibaya. Maji yanaingia katikati na kuziachanisha, uzito wa pasi unazinyoosha, joto linayafukuza maji, nyuzi zinashikana upya zikiwa zimenyooka. Chini yake alichora nyuzi mbili, maji katikati yake, na mistari ya nukta nukta kati ya oksijeni na haidrojeni. Hakuna molekuli hata moja aliyoipasua.